Niandikie Rangi

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumbo linaendeleaje? Nimeanza na tumbo kwa sababu najua ukiulizwa hali utajibu ni nzuri tu, hata kama umejikunja juu ya meza yako ya saa huku umeuma meno. Jirani yako Mama Pacha ameshanitobolea siri. Aliniambia kwenye simu kwamba tumbo linakujaa hewa mpaka unafungua mkanda dukani mbele ya wateja, na kwamba chooni unakaa hadi wapangaji wengine wanagonga mlango. Mimi huku ni mzima, ila ngozi ya miguu imekunjamana kwa kushinda majini.

Ningekupigia simu kama masikio yako yangekubali. Mara ya mwisho nilipayuka mpaka wenzangu wa bwenini wakadhani nagombana na mtu, na wewe ukanijibu habari za mvua. Nikimtuma Mama Pacha unamwambia hutaki maneno ya kupokezana, unataka mwandiko wa mwanao. Haya, mwandiko huu hapa, na kopo hili limetoka mikononi mwangu mwenyewe.

Usilifungue kwa pupa, ni unga mwepesi, utakupeperukia mpaka ndani ya saa za watu. Ni mwani. Si ule mrefu wa baharini. Huu ni mdogo kiasi kwamba mmoja mmoja huuoni hata kwa ile lenzi unayobana jichoni. Tunaufuga kwenye mabwawa marefu yenye maji ya magadi, na gurudumu linayakoroga mchana kutwa. Maji yakishakuwa mazito kama supu ya mboga tunayachuja kwa kitambaa, tunalikamua tope, tunalitandaza likauke, kisha tunalisaga. Mimi ndiye wa kitambaa. Mikono yangu sasa ina rangi ambayo sabuni imeinulia mikono.

Mtaalamu wetu ni mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo. Sote tunamwita Bibi Hadubini, maana jicho lake halibanduki kwenye hadubini yake. Alitueleza kwamba kule chini kwenye utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wengi kuliko watu wa mji mzima. Wapo wema na wapo wakorofi. Sehemu ya mwani huu tumbo linashindwa kuisaga, kwa hiyo inashuka mpaka kwa wale wema, wanajilia, wanaongezeka, wanalainisha mambo, na wakorofi wanakosa pa kukaa. Alipokuwa anasema hayo mimi nilikuwa nakuona wewe tu na mkanda wako uliofunguliwa.

Weka nusu kijiko cha chai kwenye uji wa asubuhi ulioanza kupoa. Na jambo moja nikuonye mapema: choo kitabadilika rangi. Kitakuwa cha kijani, na hata kikiwa cheusi kama lami usishtuke wala usikimbilie zahanati, ujue unga umefika na wadudu wako wema wako mezani.

Geuza karatasi, nafasi imeniishia.

Chakula cha bwenini si kibaya. Wenzangu ni watu wa utani, tunafanya kazi tukiimba, msimamizi anajifanya kukasirika. Lakini jioni nikikaa kitandani nakuwaza. Tangu Mama atutoke nimekuwa na roho juu juu, kila nikisikia una maumivu naona kama naambiwa nijiandae. Uule unga huo, Baba, hata ukiuchukia. Sina mwingine wa kumwandikia.

Binti yako

*

27 Februari

Mwanangu Chura,

Marahaba. Ndiyo, Chura. Mtu anayeshinda bwawani unataka aitwe nani? Mimi sijambo, na safari hii sikudanganyi.

Unga nimeula. Ladha yake ni ya maji yaliyosahauliwa kwenye chombo cha maua. Uji uligeuka kijani kama mlango wa posta ya mtaani kwetu. Watoto wa Mama Pacha walichungulia bakuli, wakatazamana, wakaondoka bila kuaga. Mimi nilifumba macho nikanywa, nikijisemea kwamba mikono iliyokamua kitu hiki ndiyo niliyoishika kuifundisha kuandika.

Kuhusu choo, ulisema kweli. Nilisimama nikakitazama jinsi ninavyoitazama saa ngeni iliyoletwa dukani. Kijani kabisa. Na tumbo limelegea, mwanangu. Hewa imepungua, mkanda haufunguliwi tena mbele za watu, na wapangaji wamepata choo chao. Mwambie Bibi Hadubini kwamba wadudu wangu wema wanamsalimu.

Mgongo ndio haujapata habari za unga. Kazi yenyewe ni kuinama, kwa hiyo bado nameza vile vidonge vya maumivu vya duka la dawa, asubuhi na mchana, na siku za baridi hata jioni. Navimeza nikiamka tu, kabla ya kutia kitu chochote tumboni, halafu nasubiri kabla ya uji ili visiuharibu unga wako. Unaona nilivyo makini.

Juzi mteja aliniletea saa ya ukutani aliyoifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nilimuuliza kama anataka nimtengenezee saa au nimzikie. Alicheka, lakini saa ile ni maiti kweli. Nimekata tamaa nayo na bado kila siku naigusagusa.

Usiniwaze sana. Nipo, na ninatembea.

Baba yako

*

20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo haujambo? Mimi barua yako imenipa nguvu za kubeba bwawa zima.

Nimeisoma kwa sauti wakati wa mapumziko, tumekaa ukingoni mwa bwawa miguu majini. Nilisoma ya chombo cha maua na ya mlango wa posta, na watu wakavunjika mbavu. Ya mgongo niliiruka maana haikuwa na kichekesho. Nilipofika kwenye salamu za wadudu wako, Bibi Hadubini mwenyewe alitabasamu, na hilo halijawahi kutokea tangu nije. Msimamizi naye sasa wageni wakija kutembelea anawasimulia habari za fundi saa mmoja aliyepona tumbo. Fundi saa mmoja, Baba. Ni wewe huyo.

Bibi Hadubini hapendi hilo neno kupona. Alinivuta pembeni akaniambia huu ni chakula, si dawa, na mengi yanayosemwa juu yake yameonekana kwa panya na kwa watu wachache tu. Wale bakteria wakila mwani wanatengeneza aina ya uchachu mwepesi unaotuliza ukuta wa utumbo. Hilo amelipima kwenye vichupa vyake. Lakini tumbo la mtu si kichupa, anasema, lina mambo yake, usije ukamwahidi mzee wako kitu. Nikamjibu kwamba panya hawaandiki barua. Aliniuliza pia kama kuna dawa nyingine unazotumia. Nikasema hapana, baba yangu hana ugonjwa mwingine.

Kopo la pili hili hapa. Kila ukiandika usisahau kuniambia choo kina rangi gani, maana huku wote wanaisubiri barua yako. Wanasema mimi nina gazeti langu. Niandikie rangi, Baba.

Binti yako

*

16 Aprili

Mwanangu Chura,

Marahaba. Rangi kwanza, msomaji asichoke: imekolea. Ilikuwa kijani, ikawa kijani ya chupa, na sasa ni nyeusi kabisa kama ulivyosema. Nimeongeza unga kidogo kwa sababu ya furaha. Waambie hao wa bwawani gazeti limetoka.

Mimi naendelea. Tumbo halijai tena, ila hapa juu, chini ya kifua, kuna kitu kinachoma nikiwa na njaa. Nikinywa uji kinatulia. Nachoka pia, sijui ni umri. Ngazi za kupanda chumbani zimeongezeka, naapa mtu anaziongeza usiku. Napumzika katikati nikijifanya natafuta funguo.

Ilikuja siku nikasimama kutoka kitini na duka zima likazunguka. Mama Pacha akanishika mkono mpaka zahanati. Muuguzi pale ni msichana wa umri wako, mpole, anaandika anachotaka kuniuliza kwa sababu ya masikio yangu. Akanivuta kope chini akatazama, akaandika: damu imepungua. Kisha akaandika: choo kikoje, kina weusi? Hapo ndipo nilipocheka. Nikatoa barua yako mfukoni, natembea nayo, nikaiweka mbele yake na kumwekea kidole kwenye mstari. Nikamwambia binti yangu anafanya kazi na wataalamu wa mambo haya. Alisoma, akafikiri, akaniambia sawa mzee, lakini hata hivyo lete choo tukipime. Akanipa kikopo cheupe chenye kifuniko.

Kikopo kizuri sana. Nimetia skrubu zangu ndogo, zile zilizokuwa zinapotea. Nani atabeba choo barabarani kwa ajili ya rangi ambayo sababu yake inajulikana?

Ile saa ya kisu cha jikoni imeanza kugonga, lakini inagonga ikijisikia.

Baba yako

*

12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje na kizunguzungu? Hiyo ni kwa sababu huli mchana, nakujua. Ukiwa na saa mezani unasahau kuna kitu kinaitwa chakula. Kula, tafadhali. Mimi nipo, lakini nina huzuni.

Bwawa kubwa limekufa. Tulifika asubuhi tukakuta maji ya kahawia na povu juu, na harufu ya kitu kilichooza. Kuna vijidudu viliingia, labda kwa maji ya mvua, vikaula mwani wote. Bibi Hadubini alitazama tone moja tu, akaifunika hadubini yake akaondoka. Tumefungua mfereji, tumemwaga kila kitu, na sasa tunasugua kuta kwa brashi. Bwawa la pili nalo linatiliwa shaka. Msimamizi anazungumza habari za kupunguza watu, na sisi wa kitambaa ndio wa kwanza, maana bila mwani kitambaa ni cha kufutia nini?

Kwa hiyo kopo la tatu halipo. Najua la pili lazima limekwisha au linakaribia, na hilo linaniuma kuliko bwawa lenyewe. Nilikuwa nimejiambia kwamba angalau kitu kimoja nakifanya kwa ajili yako nikiwa mbali. Kwa Mama sikuwahi kufanya hata hicho.

Kikopo cha skrubu kimenichekesha nikiwa katikati ya machozi. Niandikie upesi, na rangi usisahau.

Binti yako

*

3 Juni

Mwanangu Chura,

Marahaba. Usilie kwa ajili ya bwawa. Maji ni maji, mtayajaza tena.

Samahani kwa mwandiko, mkono unatetemeka kidogo siku hizi. Duka nalifungua kwa kuchelewa na kulifunga mapema. Mama Pacha ananipandishia maji, nami namruhusu, basi ujue kweli nimechoka. Jana nilidondosha skrubu moja mara nyingi mpaka nikaiacha sakafuni, nikasema ikae huko ilikopenda.

Lakini nina habari ya kukufurahisha, ndiyo iliyonifanya niketi kuandika. Unga uliisha zamani, mara tu baada ya barua yangu ya mwisho. Nililikung'uta kopo, nikalisuuza na maji yake nikayanywa. Nilidhani mambo yatarudi nyuma. Hayakurudi. Choo bado ni cheusi, mwanangu, cheusi kuliko wakati wa unga wenyewe, kinanata, na harufu yake hata mimi nimeistahi. Nimelifikiria jambo hili nikiwa kitandani na nadhani nimelielewa. Wale wadudu wema wameshazoea kazi. Uliwalisha wakaongezeka, na sasa wanaendelea bila kusimamiwa, kama saa iliyojazwa vizuri. Muulize Bibi Hadubini kama nimekosea. Labda hilo kwenye panya wake hajaliona, naye ataliandika kwa jina langu.

Kwa hiyo usiumie habari ya kopo la tatu. Ulichonipa kinatosha, bado kinafanya kazi ndani yangu.

Baba yako

*

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujafanya kitu kingine chochote, na uisome umeketi.

Barua yako nilianza kuisoma kwa sauti, kama kawaida. Nilipofika pale unaposema unga uliisha na choo bado ni cheusi, Bibi Hadubini aliweka kikombe chini akaniambia rudia. Nikarudia huku nacheka. Akaniuliza unga uliisha lini. Nikamwambia. Akasema rangi ya unga haikai mwilini hata wiki, ikishapita imepita. Akauliza tena, ana maumivu gani, anameza nini. Nikaenda kitandani kuchukua barua yako ya Februari, na pale kwenye aya niliyoiruka nikavikuta vidonge vya mgongo, asubuhi na mchana, tumbo tupu. Baba, vidonge vile vinachimba tumbo. Kile kinachokuchoma chini ya kifua ni kidonda. Damu inatoka juu, inashuka ikigeuka njiani, na ikifika chini ni nyeusi na inanata. Ni damu. Imekuwa damu kwa muda wote huu.

Nilimpigia Mama Pacha hapo hapo. Akaja kwako, ukamwonyesha ule mstari wangu, ukamwambia mwanangu alishanionya juu ya hili. Alinisimulia analia. Ndiyo maana naandika. Karatasi hii naipiga picha nimtumie, aione kwenye simu yake na kukuonyesha wewe. Tazama herufi, ni zangu, ni zile ulizonifundisha.

Ule mstari ulikuwa utani. Bibi Hadubini alituambia choo kitakuwa kijani iliyokolea, basi. Lami niliiongeza mimi, ili ucheke. Wala hakuna aliyeniambia nikuzuie kwenda zahanati. Niliandika tu.

Usimeze tena hata kidonge kimoja. Nenda hospitali kubwa leo, si zahanati. Sema hivi: natoa choo cheusi kinachonata, nilikuwa nameza vidonge vya mgongo, nina kizunguzungu. Usiwaonyeshe barua nyingine yoyote ila hii. Mimi naomba ruhusa, nikinyimwa nitaondoka bila ruhusa.

Nakuomba, Baba. Niamini mara moja tena.

Binti yako

*

24 Juni

Mwanangu Chura,

Marahaba, marahaba. Nimekutii. Mama Pacha alinishikia simu mbele ya macho, nikasoma, nikavaa koti, tukaenda. Sasa naandika nikiwa wodini, kitanda cha dirishani. Karatasi hii nayo Mama Pacha ataipiga picha, ifike upesi.

Nimeongezwa damu. Ni ya mtu nisiyemjua, nadhani ni mtu wa hasira, maana tangu iniingie nimeshamkemea mhudumu na kumwomba radhi. Ukutani kuna saa iliyolala, na mimi nimelala chini yake, na hawa watu wanakataa nisimame juu ya kiti niitazame. Hilo ndilo linalonitesa humu, si tumbo.

Daktari amesema yale yale aliyosema Bibi Hadubini wako. Kidonda, vidonge. Wamenipa dawa ya kukifunga, na kimefunga. Uliniambia nikuandikie rangi, haya: ni kahawia. Kahawia ya kawaida, ya mtu yeyote anayepita njiani. Leo asubuhi nimekiona kwa macho yangu. Kwa hiyo usije sasa. Ukitoroka kazini wakati wanapunguza watu utapoteza kazi kwa ajili ya mzee aliyepona. Ngoja likizo yako ya mwisho wa mwezi, uje tukae kwa raha, unipikie kitu chochote kisicho cha kijani.

Na kuna jambo moja nataka nikutue. Nilimtuma Mama Pacha aniletee miwani, kibano na kisu changu kidogo cha kazi ili mikono isisahau kazi, na akaniletea pia barua yako ya Februari, niliyokuwa nimeiacha nyumbani. Nimeisoma taratibu tangu juu mpaka chini, na nyuma yake. Hakuna mahali ulipoandika cheusi. Hakuna lami. Hakuna habari ya zahanati. Uliandika kijani, ukaishia hapo. Hayo mengine nimeyaota mwenyewe kwa uzee, nikamwambia muuguzi na Mama Pacha, na wewe umeyasikia kwao ukadhani ni yako. Mtu akiwa na hofu anakumbuka hata asiyoyafanya. Basi usijibebeshe.

Tumbo langu ulilitibu kweli. Hewa haijarudi. Hilo nalo lihesabiwe.

Naanza kusinzia, na mhudumu

*

14 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nimekaa kwenye kiti chako dukani. Nilitaka kukuuliza hali na mkono ukasita, lakini sijui njia nyingine ya kuanza barua kwako, kwa hiyo nimeandika shikamoo nikaiacha hapo.

Nilikuamini. Picha ya barua yako ilipofika nilicheka peke yangu bwenini, nikamwonyesha Bibi Hadubini neno kahawia, na yeye akanishika bega. Nikarudi kusugua bwawa. Nikaanza kupanga nguo taratibu, kidogo kidogo, za likizo. Nilikuwa nakunja kitenge nilichokununulia cha kujifunika miguu wakati Mama Pacha alipopiga simu, nikaelewa kwa kupumua kwake. Nilifika walikuwa wameshakuzika. Watu wa mtaani walinipisha mlangoni kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Nilikwenda wodini kuwashukuru. Mhudumu uliyemkemea alinikumbuka kwa sura, alisema tunafanana. Nikamuuliza ilikuwaje tena wakati rangi ilishakuwa ya kawaida. Hakunielewa. Nikarudia swali. Akasema haikubadilika hata siku moja, ilikuwa nyeusi tangu ulipoingia mpaka mwisho, damu waliyokupa ilikuwa inatokea kule kule, na wewe ulimwomba asimwambie mtu yeyote wa nyumbani. Alisema ulikuwa unaandika barua, usingizi ukakuchukua, na hukuamka vizuri tena. Ulinizuia nisije ili niendelee na kazi, Baba. Kazi yenyewe wamenifukuza kwa kuja kwenye maziko.

Wateja wanakuja kuchukua saa zao. Nawarudishia zilizokuwa tayari, na ambazo hazikuwa tayari wanasema zikae tu. Ile ya kisu cha jikoni bado inagonga. Kikopo cha zahanati kipo hapa mbele yangu na skrubu zako ndani, kisafi, na jina lako limeandikwa juu yake kwa mkono wa yule muuguzi mpole. Sijaweza kukisogeza.

Barua ya Februari ilikuwa kwenye mfuko wa koti lako nililorudishiwa wodini. Niliifungua hapa mezani, na mwanga wa dirishani ukapita katikati yake. Umekata vizuri sana. Mstari mzima umetoka, pembe zote nne zimenyooka, na hujagusa herufi hata moja ya mstari wa juu. Kwa mikono inayotetemeka, kitandani, na mpira wa damu mkononi. Mtu asiyejua angedhani karatasi ilitengenezwa hivyo. Anaisoma kuanzia choo kitabadilika rangi, kitakuwa cha kijani, halafu anakutana na dirisha.

Lakini mimi niliuandika, Baba. Ninaujua neno kwa neno. Nikilala nausoma, na nikiamka nausoma, na hakuna kisu kinachofika huko. Mama Pacha ananiambia kila siku kwamba haya ni mapenzi ya Mungu, na mimi namkubalia ili aende. Bibi Hadubini amenitumia ujumbe kwamba bwawa kubwa limeanza kuwa kijani tena, na kwamba atanitetea wanirudishe. Sijamjibu. Siwezi kutia mkono mle.

Jambo moja huenda hukuliona, kwa kuwa ulikuwa na haraka au kwa kuwa wodi ilikuwa na giza. Karatasi ile niliiandika pande zote mbili. Kisu chako kilipoondoa mstari wa mbele kiliondoka na wa nyuma yake pia. Nimeigeuza barua nikatafuta nini kimepotea upande ule, na sikuhitaji kutafuta sana. Ni mstari wa mwisho, kabla ya kuweka jina. Nauandika tena hapa kwa kalamu yako, usije ukadhani sikuwahi kukuambia.

Sina mwingine wa kumwandikia.

Binti yako